Loji ya ufukweni Bagamoyo wikendi ya Kimbunga Hidaya: mpishi nyota tano, meneja nusu nyota

Najua nimechelewa kuandika hii, Hidaya ilipita Mei 2024 na watu wengi wameshasahau, ila juzi shoga yangu mmoja wa Raskazone hapa Tanga kaniuliza "mwenzangu ile loji mliyolala Bagamoyo ilikuwaje, nataka kuwapeleka watoto Pasaka", nikaanza kumwandikia kwa simu nikajikuta nimejaza kurasa, nikasema basi bora niweke hapa kila mtu asome. Jina la loji silitaji. Siyo kwa kumwogopa meneja, ni kwa sababu wale wafanyakazi walitufanyia wema na sitaki mtu apoteze kibarua kwa maneno yangu. Nitakachosema tu ni kwamba ipo ufukweni, imeezekwa makuti, na ukikaa barazani unaona ngalawa zinaingia.

Tulikuwa watu sita. Mimi, baba watoto, watoto watatu, na mama mkwe ambaye tangu mwezi wa Ramadhani alikuwa anasema anataka kuiona Bagamoyo kabla hajafa (kila safari kwake ni kabla hajafa, ameshakwenda Lushoto kabla hajafa mara mbili). Vyumba viwili, 95,000 kila kimoja kwa usiku na chai ya asubuhi humo humo, Ijumaa tarehe 3 mpaka Jumapili tarehe 5. Advansi nusu, yaani 190,000, na juu yake wakatuuzia safari ya boti ya kwenda kuzungushwa kwenye mikoko na kushushwa kwenye fungu la mchanga, 120,000 inalipwa yote mapema. Kwa hiyo kabla sijafunga hata begi hela yangu 310,000 ilishafika Bagamoyo imetangulia kupunga upepo.

Na upepo kweli ukaja.

Kukumbushana tu, ule mwaka masika yalishatuchosha. Aprili mvua zilinyesha kama mbingu imetoboka, Rufiji ikafurika, na tarehe 25 Waziri Mkuu Majaliwa alisimama bungeni akasema waliofariki kwa mafuriko na maporomoko ni 155. Sasa tumemaliza Mei Mosi tu, TMA, wale wa hali ya hewa, wanatangaza kuna kimbunga kinaitwa Hidaya mashariki ya Mtwara kinasogea pwani, mikoa ya Lindi, Mtwara, Pwani, Dar, Tanga, Unguja na Pemba wajiandae na upepo mkali na mvua kubwa. Baba watoto akaniangalia. Mimi nikaiangalia simu. Alhamisi asubuhi nikapiga kwa meneja, nikamsalimia vizuri kabisa, nikamwambia kaka yangu, hatukatai kuja, tunaomba tu tusogeze wiki mbili mbele, hela bakini nayo. Akacheka. "Dada huo ni upepo tu wa kawaida, watu wa Tanga mnaogopa upepo? Advansi hairudishwi na tarehe haibadilishwi, ndiyo utaratibu wetu." Nikamuuliza huo utaratibu umeandikwa wapi maana kwenye risiti yangu haupo. Akasema umeandikwa ofisini.

Ofisini! Yaani mimi niko Tanga, utaratibu uko ukutani Bagamoyo.

Hapa ndipo nilipofanya ujinga wangu, maana mtu mwenye akili angesema 310,000 si roho ya mtu akae kwake. Ila tulishawaahidi watoto tangu Idi, nikawaombea ruhusa shuleni Ijumaa, tukapanda basi alfajiri mpaka Segera, Mkata, tukashuka Msata, pale tukachukua Noah kukunja njia ya Bagamoyo. Ile lami ya Msata mpaka Bagamoyo ni tamu kusema kweli, ukifika bondeni kwa Ruvu unaona maji yamejaa kushoto na kulia kama uko katikati ya ziwa, mama mkwe akawa anasoma uradi kimya kimya mpaka tukavuka. Dereva yeye anakula miwa.

Tulipokewa na binti wa mapokezi, madafu, maji ya kunawa, mama mkwe akaletewa kiti cha mgongo bila kuomba. Vyumba visafi, mashuka meupe yananukia jua, neti haina tundu, choo kinavuta. Kwa upande huo sina neno. Nikamuuliza meneja yuko wapi, akaangalia chini kidogo akasema bosi ameenda Dar tangu asubuhi. Aliyetuambia upepo wa kawaida, yeye mwenyewe kaukimbia!

Jioni tukashuka ufukweni. Bahari ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa na mawimbi yanakuja ya karibu karibu bila kupumzika. Wavuvi walikuwa wanapandisha vyombo juu, siyo pale wanapoegesha siku zote, juu kabisa mpaka karibu na minazi. Wanaweka magogo chini, watu kama kumi na tano wanashika ubavuni, mmoja anaimba wengine wanaitikia, ngalawa inasogea hatua tatu, gogo la nyuma linatolewa linakimbizwa mbele, wanaanza tena. Baba watoto akavua viatu akaingia kusukuma, na mwanangu mkubwa naye, mimi nikashika viatu. Kulikuwa na mzee kakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa anawaelekeza kwa kidole, nikamuamkia shikamoo, nikamuuliza mzee wangu hiki kimbunga kitafika hapa? Akasema "Marahaba mwanangu. Kufika sijui, mimi si redio. Ila leo mwezi ishirini na nne, maji mafu haya, bamvua bado. Kingekuja na bamvua hapa ulipokaa ungekaa na samaki." (Maji mafu ni pale bahari haijai sana, bamvua ni pale inapojaa kupita kawaida.) Nikahesabu vidole, ni kweli, Idi, yaani mwezi mosi, ilikuwa tarehe 10 Aprili. Mzee hana simu ya maana mkononi lakini hesabu yake ya maji ilinituliza kuliko maneno yote ya meneja.

Usiku wa Ijumaa mvua ilianza ya kawaida. Jumamosi alfajiri ndiyo tukaamka na mlio. Makuti yakipigwa na upepo wa kweli hayalii kama bati, yanafanya kama mtu anachana gazeti kubwa taratibu, anaacha, anachana tena. Umeme ukakatika kabla hatujanywa chai. Mlinzi, baba mtu mzima wa makamo, akaja na kamba ya manila na kijana mmoja, wakaanza kufunga paa la baraza, wanarusha kamba juu inapita upande wa pili, wanaivuta, wanaifunga kwenye kisiki cha mnazi. Kamba ikaisha upande mmoja haujafungwa. Basi yule baba akaenda akafungua kamba ya kuanikia nguo, mashuka ya loji akayakunja vizuri akampa binti wa mapokezi, akaja kumalizia. Nilimuuliza hamna kamba za akiba? Akasema "Tuliomba tangu juzi mama, tukaambiwa ni upepo tu." Nikajua sasa kumbe hata wao waliambiwa maneno yale yale niliyoambiwa mimi.

Chumba cha watoto kilivuja sehemu mbili. Binti akaleta sufuria, moja ikajaa tone tone, mwanangu wa mwisho akawa anahesabu matone mpaka akalala. Tukahamia wote chumba kimoja, watu sita, mama mkwe kitandani, sisi mkekani, kusema haki ilikuwa kama msiba na sherehe kwa wakati mmoja.

Sasa mpishi. Huyu mama namwandikia aya yake mwenyewe. Gesi iliisha saa tatu asubuhi, gari la kuleta mtungi halikuja, yeye akatoa majiko mawili ya mkaa akayaweka kwenye kona ya korido pale upepo usipofika, akafunika khanga kichwani akaanza. Chapati za kusukuma, maharage ya nazi, na mchana supu ya pweza. Pweza alikuwa wa Alhamisi, kabla vyombo havijapandishwa, alimchemsha kwa maji yake mwenyewe bila kuongeza tone, akamtia ndimu, kitunguu saumu na pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuliwa, "ikipasuka nimekula hasara", akawa anaikoroga kwa kuikwepa ile pilipili kama anakwepa yai. Mama mkwe ambaye kwake chakula cha kupikwa na mtu mwingine siku zote kina kasoro, alikunywa bakuli mbili akasema "huyu kafundwa". Nimeolewa mwaka wa kumi na tatu, mimi sijaambiwa hivyo. Na mpishi alilala pale pale, kwake ni nyuma ya soko, paa lake la bati la kupigilia na misumari michache, kila saa anampigia mwanawe kuuliza limeshika? Jumamosi jioni chaji ikaisha akawa hana hata kwa kupiga. Anatupikia sisi huku hajui kwake kukoje.

Jenereta ipo. Iko nyuma imefunikwa turubai, ya kijani, nzuri tu. Diseli hamna. Hilo kumbukeni, tutalirudia.

Watoto wakawa wanauliza kwa nini kimbunga kina jina la mtu na kwa nini Tanga hatujawahi kukiona, baba yao akapata kazi. Akawaeleza kwamba bahari ikipata joto la kupita nyuzi 26 hivi hewa inapanda, upepo unakimbilia kujaza, na dunia ikizunguka inaupindisha mpaka unakuwa gurudumu, lakini sisi tuko karibu na ikweta ambako huko kupindishwa ni kudogo, ndiyo maana vingi vinashukia kusini, Msumbiji na Madagaska. Msimu wenyewe huku kwetu huhesabiwa Novemba mpaka Aprili, Hidaya ilikuja Mei kama mgeni aliyekosa basi. Na ni mnyama yule yule, Marekani wanaita harikeni, Pasifiki huko Asia taifuni, tofauti kule kaskazini gurudumu linazunguka kinyume na letu. Mwanangu wa kati akauliza sasa wakikutana katikati? Baba yake akasema lala.

Jumamosi ile ile Hidaya ikaingia Mafia, na usiku TMA wakatangaza imepoteza nguvu. Kwa hiyo niseme ukweli, Bagamoyo hatukupata kimbunga chenyewe, tulipata ukingo wa nguo yake tu. Kilichopondwa ni kusini, Mafia na Kilwa, barabara ya Dar kwenda Lindi ilikatika kule Somanga, magari yakalala njiani siku kadhaa. Boti za Dar na Zanzibar nazo zilisimamishwa. Meneja akisoma hapa atasema "si nilikuambia". Hapana kaka, hukuniambia. Wewe hukujua kama nisivyojua mimi, tofauti ni kwamba wewe ulikuwa Dar.

Jumapili mvua imepungua, tukatoka. Kaole kwenye magofu hatukwenda, tope. Tukaenda misheni ya Wakatoliki, makumbusho yalifunguliwa na kijana mmoja mtembezaji ambaye tulikuwa wageni wake wa kwanza tangu Alhamisi. Kwa kawaida pale watu wanataka kusikia habari za Livingstone, mwili wake uliletwa hapo Februari 1874, lakini yule kijana naye alikuwa amelala na mlio wa makuti usiku mbili akaamua kutueleza kimbunga cha 1872. Mnajua hiyo? Mimi nimezaliwa mwambao huu huu sikuwahi kuisikia. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikaangusha mikarafuu na minazi mingi ya kisiwa na kuzamisha meli za Sultani Barghash bandarini, Pemba ikapona ndiyo maana karafuu ikahamia kule mpaka leo, na huku bara kikaivunja misheni ambayo ilikuwa na miaka minne tu tangu ianzishwe 1868. Wakajenga upya. Ule mbuyu mkubwa pale nje uliomeza mnyororo wanasema ulipandwa mwaka ule ule wa 1868, sasa kama ni kweli basi kimbunga kiliukuta mche. Mama mkwe akaenda akaushika. Alafu kijana akaongeza na cha Lindi, Aprili 1952, mama mkwe akasema hicho alikisikia kwa baba yake aliyekuwa kibarua kwenye mkonge, kwamba kulikuwa na manamba waliotoka Lindi wakisimulia mabati yanaruka kama sinia. Tulisimama pale nusu saa tunamsikiliza yeye badala ya mtembezaji. Tukampa kijana 20,000, alitaka 10,000.

Soko la samaki pale karibu na forodhani ya zamani ndiyo lilinitia huzuni. Siku ya Jumapili lilitakiwa liwe limejaa watu wa Dar na mafriji yao kwenye buti. Tulikuta meza tupu zimelowa, paka wengi, na akina mama watatu wa kukaanga wamekaa na makarai yaliyopinduliwa. Mmoja alikuwa na samaki wanne, changu wadogo, wa barafu. Bei aliyonitajia sikuibishia, maana kama vyombo haviendi baharini siku tatu nne yeye ananunua nini? Mafuta ameshanunua kwa mkopo, kuni zimelowa, mteja hamna. Akaniambia "sisi dada kimbunga hakijatupiga, kimetufunga". Muuza mihogo naye vile vile, bodaboda naye, wale vijana wa ngoma wanaocheza hotelini wikendi nao wanne walikuwa wamekaa barazani kwetu na ngoma zao zimefunikwa mifuko, wamekuja Jumamosi kwa miguu kuuliza kama shoo ipo. Haipo. Hawakulipwa nauli. Mpishi akawapa supu.

Haya, tulirudie jenereta. Jumapili saa sita gari la meneja hilo, linang'aa, limeoshwa. Akanipa bili. Salio la vyumba 190,000, sawa. Vinywaji 18,000, sawa. Halafu kuna mstari umeandikwa kwa mkono "huduma ya jenereta 15,000". Nikasoma mara mbili. Nikampelekea baba watoto naye asome nisije nikawa nimechanganyikiwa. Nikasema kaka, jenereta ipi? Akasema hiyo ni kawaida umeme ukikatika. Nikamshika mkono (kwa adabu) nikampeleka nyuma, turubai lile pale, kamba yake haijafunguliwa, buibui kajenga kwenye swichi. Akamuuliza mlinzi mbona hamkuwasha. Mlinzi akajibu "diseli bosi". Kimya. Ile 15,000 ikafutwa. Boti? Boti akasema mwenye boti ameshachukua hela yake, siyo ya loji. Nikauliza mwenye boti ni nani nizungumze naye. Nikapewa namba. Nikapiga, mwenye boti akasema dada mimi hela ya safari yako sijaiona mpaka leo, tunalipwa tukirudi. Niliporudi mapokezi meneja alikuwa kwenye simu, mazungumzo marefu sana, mpaka Noah yetu ikapiga honi mara tatu. Hiyo 120,000 sijaiona mpaka leo.

Sasa kilichonifanya nipime hili jambo kwa mizani nyingine ni binamu yangu. Yupo Florida, Kissimmee, anasafisha vyumba kwenye hoteli moja ya barabarani ambayo wageni wake karibu wote wanakwenda kwenye viwanja vya burudani vya Disney World na Universal pale Orlando. Oktoba 2024 likawajia harikeni Milton, wiki mbili tu baada ya Helene, likatua Siesta Key usiku wa tarehe 9 likakata jimbo katikati. Tulikuwa tunatumiana sauti usiku kucha. Anasema Jumatano ile uwanja wa ndege wa Orlando ulisimamisha ndege tangu asubuhi, Disney wakaanza kufunga viwanja mchana, Alhamisi vikalala vimefungwa, Ijumaa tarehe 11 vikafunguliwa. Na hilo si jambo la kila mwaka, tangu wafungue 1971 mara walizofunga kwa harikeni ni za kuhesabu, ya kwanza ilikuwa Floyd 1999, Ian 2022 wakafunga siku mbili. Mtu kakaa miaka mitatu anaweka hela ya kumpeleka mwanawe kuona kasri, anafika anafungiwa hotelini na boksi la sandwichi. Binamu anasema kulikuwa na mtoto kavaa gauni la bintimfalme siku mbili mfululizo anazunguka mapokezi, hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia avue.

Lakini mnaona tofauti. Disney utaratibu wao wa harikeni upo wazi kabla hujalipa: likitolewa onyo la harikeni kwa Orlando au kwa unakoishi ndani ya siku 7 kabla ya kufika kwako, unapiga simu unaahirisha au unafuta na wao hawakukati faini yao. Kuna vitu haviingii humo na si kwamba ni malaika, ni biashara na wanajua ukiahirisha utarudi. Ndicho nilichomwomba meneja wangu Alhamisi ile. Sikutaka hela, nilitaka tarehe. TMA walishatoa onyo, mkoa wa Pwani umetajwa kwa jina, ushahidi gani tena?

Ila binamu alinikatisha nilipoanza kuwasifia Wamarekani. Akasema dada usidanganyike, huo utaratibu mzuri ni wa mgeni. Yeye aliambiwa achague, aje na begi alale hotelini afanye kazi kimbunga chote, au abaki kwake siku hizo bila malipo. Akaenda. Hoteli ilijaa, siyo watalii, ni watu waliokimbia Tampa na mbwa wao na mabibi zao, petroli imeisha vituoni, maduka hayana maji. Watu zaidi ya milioni 3 walikosa umeme, uwanja mmoja wa besiboli kule St. Petersburg ulichanwa sehemu kubwa ya paa zikabaki mbavu. Yeye anatandika vitanda huku mwanawe yuko kwa jirani kwenye nyumba ya mabati ya kukokotwa, anampigia kila saa kuuliza imeshika? Hapo nikamkumbuka yule mama na majiko yake kwenye korido. Neno lile lile, "imeshika?"

Basi shoga yangu wa Raskazone, na wengine mnaouliza, majibu ni haya. Chakula nyota tano, ongezeni na ya sita muigawe. Usafi nne na nusu, nusu nimekata kwa paa. Mapokezi na ulinzi tano. Mandhari tano ukiwa na jua. Meneja nusu, na hiyo nusu ni kwa sababu alifuta 15,000 bila kugombana. Jumla naweka tatu ila naumia maana wale watu hawastahili tatu.

Ukibuku, na siyo pale tu, popote mwambao huu kati ya Machi na Mei, muulize kwa WhatsApp kwa maandishi: TMA wakitangaza hali mbaya tarehe yangu inasogea? Akijibu kwa sauti mwambie aandike. Boti usilipe Tanga, lipa ukiiona inaelea. Chukua pawabenki, tochi, na kanga mbili zaidi. Ukiweza, bakshishi ipe mkononi kwa anayekuhudumia, usiache kwenye bahasha ya ofisini, binti wa mapokezi alinidokeza hivyo kwa macho tu, nikaelewa. Na nenda soko la samaki hata kama huna hamu, nunua kitu.

Pasaka mimi nisingekwenda, inaangukia masika yenyewe. Mama mkwe ameshaanza tena, anataka kurudi kunywa supu ya pweza kabla hajafa. Nimemwambia twende Septemba, bahari imetulia. Nimempigia mpishi moja kwa moja (loji nitaambiwa advansi), akacheka sana kunisikia, akaniambia paa lake lilishika, karatasi moja tu ya bati iliruka ikakutwa kwa jirani imefunika banda la kuku, na kuku wote wazima.

Meneja naye aliniandikia mwezi uliopita. "Habari mpendwa mteja, tuna ofa, advansi ni asilimia 50." Nikamjibu aitoe kwenye ile 120,000 ya boti. Tiki mbili za bluu, kimya.